Akiba ya Familia na Mirathi: Mambo ya Kupanga Mapema

Katika vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo, fedha ya maharage, kahawa au tumbaku huingia kwa mkupuo na kutoka kidogo kidogo. Mkulima huuza mazao yake katika wiki chache za msimu, kisha kinachobaki hukitunza kwa ajili ya ada za watoto, mbegu, mabati na ugonjwa usiotarajiwa. Mahali pa kuiweka fedha hiyo huzungumzwa mara nyingi. Ni nadra mtu kuuliza nani ataipata, na kwa njia gani, iwapo mwenyewe atafariki kabla ya kuitumia, kwa kuwa kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai huonekana kama kumwitia mauti. Gharama ya ukimya huo hulipwa baada ya matanga, mjane na watoto wanapoanza kutafuta kitabu cha benki ambacho hawakuwahi kukiona.

Lipo pia jambo linalowafanya baadhi ya watu wafiche mali zao hata kwa ndugu, nalo ni hofu ya kodi. Inadhaniwa kwamba mtu akifa Serikali huchukua fungu la mali yake. Hofu hiyo haina msingi. Tanzania kwa sasa haitozi kodi ya mirathi. Zipo nchi zinazoitoza: Uingereza, kwa mfano, kiwango cha kawaida ni asilimia 40 ya thamani ya mali inayozidi pauni 325,000, na ndiyo maana matajiri wa huko hukaa na wanasheria wao miaka mingi kabla ya kufa. Habari hizo husafiri kupitia redio na simu za ndugu waishio ughaibuni, kisha hupokewa kijijini kana kwamba ni sheria ya hapa. Mkulima wa Heru Juu anayefukia fedha chini ya sakafu ili warithi wake wasitozwe kodi anaikimbia kodi isiyokuwapo.

Hata hivyo, kodi nyingine zinaweza kuigusa mali ya marehemu. Riba inayolipwa na benki kwenye akiba hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na benki yenyewe ndiyo huikata. Marehemu aliyekuwa na biashara yenye deni la kodi huliacha deni hilo juu ya mirathi, na msimamizi hulilipa pamoja na madeni mengine kabla ya kugawa mali. Tena mrithi akiamua baadaye kuuza kiwanja au nyumba aliyorithi, faida ya mauzo hutozwa asilimia 10 kwa mkazi wa Tanzania. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeweka misamaha inayowahusu wengi katika wilaya hizi. Shamba ambalo thamani yake sokoni haifiki shilingi 10,000,000, na ambalo limetumika kwa kilimo kwa angalau miaka 2 kati ya 3 iliyotangulia mauzo, halitozwi kodi hiyo. Vilevile husamehewa faida isiyozidi shilingi 15,000,000 kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo kwa miaka isiyopungua 3. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hufanya mabadiliko kila mwaka, mrithi anayetaka kuuza aulize kwanza ofisi ya TRA, kabla ya kupokea fedha ya mnunuzi.

Mali nyingi za marehemu hupotea kwa njia nyingine, na ya kwanza ni noti zenyewe. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuziondoa katika mzunguko noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010. Wananchi walipewa muda wa kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari 2025 hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo noti hizo zilikoma kuwa fedha halali. Aliyekuwa na akaunti hakuhitaji kufanya lolote, maana salio lake lilibaki vilevile. Aliyefukia fedha na kufariki bila kumwambia mtu ameacha karatasi. Moto, mchwa na wezi wanajulikana, na hakuna haja ya kuwaeleza.

Benki nayo ina hatari zake, ingawa hatari hizo zimewekewa kinga. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia leseni benki tano kwa kukosa mtaji wa kutosha, mojawapo ikiwa Benki ya Wakulima wa Kagera, katika mkoa jirani na Kibondo. Bodi ya Bima ya Amana ndiyo iliyokabidhiwa ufilisi wake. Wakati huo kila mwenye amana alikuwa na kinga isiyozidi shilingi 1,500,000 katika benki moja. Sasa kiwango hicho kimepandishwa hadi shilingi 7,500,000. Mwenye amana hachangii chochote, kwani ada ya bima hulipwa na benki. Maana yake kwa familia ni nyepesi: mwenye shilingi 5,000,000 katika benki yenye leseni amelindwa kwa fedha yote, na mwenye shilingi 14,000,000 ana sababu ya kuzigawa katika benki mbili tofauti. Matawi mawili ya benki ileile huhesabiwa kuwa benki moja.

Kinga hiyo haifiki kwenye SACCOS wala kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Vikundi hivyo, ambavyo wengi huviita vikoba, vimesomesha watoto wengi na kuezeka nyumba nyingi katika nyanda hizi, na si haki kuvibeza. Lakini usalama wake unategemea mambo yanayoonekana kwa macho: sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, fedha kuhesabiwa mbele ya wanachama wote, na kitabu cha kila mwanachama kuandikwa siku ileile. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kikundi cha namna hiyo kinatakiwa kusajiliwa, na usajili hufanyika katika halmashauri kupitia Maendeleo ya Jamii. Katiba ya kikundi inapaswa kueleza bayana kinachotokea mwanachama akifariki: hisa zake huhesabiwaje, mkopo hukatwa vipi, na nani hupokea salio. Katiba nyingi zinanyamaza hapo, na ukimya huo ndio unaozua ugomvi kati ya kikundi na familia. Mkutano mmoja wa wanachama unatosha kuongeza kifungu hicho.

Fedha iliyo kwenye simu huleta utata wa aina yake. Mara nyingi mtoto au mke hujua namba ya siri, na siku ya msiba huitoa fedha yote kwa ajili ya sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. Nia ni njema. Kisheria, hata hivyo, inaweza kuhesabiwa kuwa ni kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na mrithi mwingine anaweza kumdai aliyetoa fedha hizo atoe hesabu mbele ya mahakama. Njia isiyo na lawama ni kuiacha laini ilivyo mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, kisha aende kwa kampuni ya simu akiwa na barua ya mahakama.

Safari ya kuipata barua hiyo huanzia kwenye cheti cha kifo. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA kupitia Msajili wa Wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Aliyefia hospitalini hupewa taarifa ya kifo huko. Aliyefia nyumbani, familia huanzia kwa Mtendaji wa Kijiji. Kisha ukoo hukaa, humpendekeza msimamizi na kuandika muhtasari wa kikao, na msimamizi huyo hupeleka maombi katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali ambapo marehemu alikuwa na makazi yake. Maneno hayo ya mwisho yana uzito katika wilaya ambazo vijana wake hutafuta riziki mbali. Tangu enzi za Waingereza, Waha wengi walikwenda kukata mkonge Tanga, na leo wajukuu wao wako Dar es Salaam na Geita. Aliyeishi huko na kufia huko, mirathi yake hufunguliwa huko, hata kama kaburi lake liko Kibondo.

Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu. Isiyofuata mojawapo ya hizo, kama ya Mkristo ambaye maisha yake yanaonyesha kuwa aliiacha mila, hupelekwa katika mahakama za juu zaidi. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, msimamizi hupewa barua ya uteuzi, yaani Fomu Na. 4, na hiyo ndiyo benki huisubiri. Ndani ya miezi 4 anatakiwa kuwasilisha orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, kisha hesabu za mgawanyo. Wapo wasimamizi wanaodhani uteuzi umewafanya wamiliki. Kazi yao ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Mrithi anayeona mali inaliwa ana haki ya kuiomba mahakama imwondoe msimamizi.

Kikwazo kinachokwamisha familia nyingi katika hatua hii ni majina. Mtu aliandikishwa benki kwa jina la ubatizo, kijijini akaitwa kwa jina la Kiha, na kitambulisho cha Taifa kikabeba mpangilio mwingine. Kwa benki hao ni watu watatu. Aliye hai anaweza kulimaliza jambo hilo kwa kula kiapo cha majina na kulinganisha nyaraka zake. Warithi hulimaliza kwa nauli na miezi. Ieleweke pia kwamba jina la ndugu wa karibu lililojazwa kwenye fomu ya kufungua akaunti kwa kawaida humsaidia tu mfanyakazi wa benki kujua nani apigiwe simu. Halimfanyi ndugu huyo kuwa mrithi.

Wosia hupunguza sehemu kubwa ya mashaka haya, na sheria ya mila inautambua. Kwa mujibu wa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika hushuhudiwa na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mwosia asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unahitaji mashahidi wanne kwa mpangilio huohuo. Uandikwe kwa wino, utiwe tarehe na sahihi au dole gumba, na uhifadhiwe mahali panapojulikana. RITA hupokea na kutunza wosia kwa siri. Muislamu akumbuke kwamba wosia wake hauzidi theluthi moja ya mali, wala hautolewi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi.

Kwa wanawake walioolewa jambo hili ni zito kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tangazo hilohilo la mwaka 1963 halimpi mjane fungu la urithi ikiwa mume ameacha watu wa ukoo wake. Linamtaka atunzwe na watoto wake. Mjane aliyelima shamba kwa miaka thelathini anaweza kujikuta akiomba hifadhi ndani yake. Mume anayempenda mkewe hana sababu ya kuiacha kanuni hiyo imwamulie. Mbali na wosia, hati ya haki miliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa majina ya wote wawili, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia kwamba mali yenye majina ya wanandoa wote ni yao kwa mafungu sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wosia wa baba kwa binti nao una nguvu. Katika Mkoa wa Kagera, Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake, akaiuza mwaka 1988. Mpwa wake alimshtaki kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliendelea mbele zaidi: mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata, kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ukoo linalosema vinginevyo linazungumza kinyume cha sheria, hata likisema kwa sauti kubwa.

Ambaye hayuko tayari kuandika wosia anaweza kuanza na karatasi moja ya daftari: jina la benki na tawi, kikundi anachoweka hisa, laini za simu zenye fedha, madeni anayodai na anayodaiwa, na mahali hati za ardhi zilipo. Namba za siri zisiandikwe humo. Karatasi hiyo ionyeshwe kwa watu wawili anaowaamini, mmoja wao akiwa mwenzi wake, na irekebishwe kila baada ya mavuno. Haina nguvu ya wosia, lakini msimamizi atajua wapi pa kubisha hodi.

Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa ushauri wa mirathi bila malipo kwa wasio na uwezo, na ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kata humwelekeza mwananchi kwa aliye karibu naye. Anayekwenda kwa ajili ya wosia achukue kitambulisho cha Taifa na nakala za hati za mali. Anayekwenda kwa ajili ya mirathi achukue cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na nyaraka zozote za akiba zilizopatikana.