Vituko vya wapigapicha wa ndege na wanyama pori

MPENZI wa kupiga picha za ndege huamka alfajiri, akajitwika lenzi yenye uzito wa mtoto mchanga, kisha akajikunyata kichakani kwa muda wa saa tatu akimvizia ndege mmoja tu. Anaporudi nyumbani na kuitazama picha yake, anachokiona ni tawi tupu. Ndege keshaondoka zamani.

Picha za namna hiyo ni nyingi kuliko zile nzuri, na wala hakuna uchawi ndani yake. Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, hubadili tawi kabla kidole hakijamaliza kubonyeza kitufe. Ili kumnasa akiwa hewani bila picha kufifia, aghalabu kamera hutakiwa kufunguka na kufungwa kwa sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Kasi hiyo huhitaji mwanga mwingi, na alfajiri mwanga ni haba. Isitoshe, lenzi ndefu inayomvuta ndege karibu huukuza pia mtetemo wa mkono. Nao mtambo wa kulenga haujui mwenye kamera anataka nini. Ukikutana na unyasi mbele ya simba, huenda ukalenga unyasi. Ndiyo maana wengi wanaorejea kutoka mbugani huwa na picha safi kabisa za nyasi, nyuma yake pakiwa na doa la hudhurungi ambalo mwenyewe huapa kwamba ni simba.

Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na si lazima mtu afike Maasai Mara ndipo aaibike. Jijini Nairobi, kwenye migunga iliyo kando ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, kongoti, wale korongo wakubwa wenye upara, wamejenga viota kwa miaka mingi. Wenyeji wanajua pa kutosimama. Mgeni mwenye kamera hajui. Husimama chini ya mti, akainua uso na kuachama kwa mshangao. Yanayofuata hayahitaji maelezo. Kongoti, hata hivyo, hana ubaguzi. Huinyea hata miguu yake mwenyewe, kwa kuwa unyevu huo unapokauka humpunguzia joto. Weupe wa miguu yake, ambao wengi hudhani ni rangi ya ngozi, ni kinyesi hicho.

Vituko hivi vimepata jukwaa lake. Mwaka wa 2015, wapigapicha Paul Joynson-Hicks, aliyekuwa akiishi Tanzania, na Tom Sullam walianzisha shindano la Comedy Wildlife Photography Awards, linalotuza picha za kuchekesha za wanyama pori. Mnamo 2017 ushindi ulimwendea Tibor Kercz, kwa picha za kinda la bundi lililoteleza kwenye tawi na kung'ang'ania kurudi kwa wenzake. Mwaka wa 2022 ilikuwa zamu ya Jennifer Hadley, aliyemnasa mwanasimba akiporomoka kutoka mtini huko Serengeti, miguu yote minne hewani. Mwanasimba huyo alitua salama akaenda zake.

Kinachochekesha katika picha hizo ni kwamba mtazamaji huona binadamu ndani ya mnyama. Bundi huonekana ameaibika, ilhali hajui aibu ni nini. Hilo halina madhara mtu akiwa sebuleni kwake. Madhara huanza mwenye kamera anapoitumia tafsiri hiyo hiyo akiwa porini, hatua chache kutoka kwa mnyama mwenyewe.

Sokwe anayetoa meno kana kwamba anacheka mara nyingi huwa na hofu. Nyani dume anayepiga miayo huenda anayaonyesha meno yake makusudi. Kiboko naye, ambaye picha yake akiwa ameachama hupendwa mno, kwa kawaida huwa hana usingizi wala kicheko: anaonya. Mpigapicha asiyeijua lugha hiyo hufurahi, akasogea hatua mbili ili ayapate meno vizuri. Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kandokando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha, na mwenzake akajeruhiwa.

Wazoefu humtazama mnyama kwanza, kamera baadaye. Ndege akiacha kulisha makinda na kuanza kupiga kelele, hurudi nyuma hata kama picha itawapita. Mbugani hubaki ndani ya gari, ambalo wanyama wengi wamelizoea kuliko binadamu anayetembea. Na kiboko akiwa nchi kavu, hawasimami kati yake na maji.