Ovaroli: Vazi la Jasho Kusini mwa Marekani

Kwa mkulima wa Marekani wa zamani, ovaroli ilikuwa nguo ya kazi na mara nyingi ndiyo nguo pekee ya maana aliyokuwa nayo. Ni suruali pana ya kitambaa kizito cha pamba, iliyopandishwa mbele hadi kifuani na kushikiliwa na mikanda miwili ya mabegani. Haimbani mtu kiunoni, kwa hiyo mkulima aliweza kuinama kutwa nzima akichuma pamba.

Reli nazo ziliipa soko kubwa. Mwaka 1889 Hamilton Carhartt alianzisha kiwanda Detroit, akiwashonea wafanyakazi wa treni. Kila mfuko ulikuwa na kazi yake: wa kifuani wa saa na penseli, wa pajani wa rula; na kulikuwa na kitanzi cha kuning'inizia nyundo.

Lakini ni mashambani Kusini ambako vazi hili liliingia katika mila. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Weusi wengi na Wazungu maskini walibaki wakilima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, huku deni la dukani likiwaandama mwaka hadi mwaka. Nguo ilinunuliwa kwa nadra na kutunzwa sana. Ovaroli mpya, yenye bluu iliyokoza, iliwekwa kwa ajili ya kanisani na siku ya kwenda mjini. Ilipoanza kupauka ilishushwa shambani, na huko ilitiwa kiraka juu ya kiraka.

Hata ikichakaa kabisa haikutupwa. Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wanawake walikata vipande vilivyobaki imara wakaviunga kuwa mablanketi ya viraka ya kuzuia baridi katika nyumba za mbao. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alikusanya nguo za kazi za marehemu akashona blanketi la kujifunika, ili aendelee kuwa karibu naye. Katika mablanketi ya aina hiyo macho huona mengi: goti lililopauka kwa kupiga magoti shambani, na pale mfuko ulipobanduliwa, mraba wa bluu ambayo jua halikuifikia.

Miaka ya 1960, vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za raia, walikwenda Mississippi kuandikisha wapiga kura. Wengi walikuwa wasomi wa vyuo, lakini waliacha suti wakavaa ovaroli kama wenyeji wao. Walikuwa wakimwomba mkulima ahatarishe kazi, nyumba na hata uhai wake kwa kujiandikisha. Haikufaa wamwendee wakiwa wamevaa kama mwenye shamba anayemdai. Vazi lililokuwa alama ya unyonge likawa tamko la kusimama pamoja.

Tangu mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yametundikwa katika majumba makubwa ya makumbusho, Houston na New York, na kusifiwa kuwa sanaa. Ni sifa ya haki. Ila uzuri huo ulitokana na miili iliyofanya kazi kwa ujira mdogo mno, na mikono iliyokataa kupoteza hata kipande cha nguo. Anayelienzi vazi hili ana wajibu wa kuwaenzi pia waliolivaa, kwa majina yao na kwa madai yao ambayo hayakulipwa.