Kusomea uwakala wa safari ukiwa Gatsata

UKIVUKA daraja la Nyabugogo na kushika barabara ya kwenda Gatuna, mahali pa kwanza unapoingia ni Gatsata. Wakazi wa Kigali wanapafahamu kwa jambo moja kubwa: magari. Ukitafuta bampa ya Corolla, taa ya nyuma ya RAV4 au fundi wa kuisikiliza injini inayokohoa, utaelekezwa huko. Milio ya nyundo huanza asubuhi na mapema, na harufu ya rangi na oili haiishi mpaka giza liingie.

Si mahali ambapo mtu angetarajia kukuta wanafunzi wa uwakala wa safari za ndege. Lakini wapo. Husoma usiku, kwa simu za kiganjani au kwa kompyuta za mtumba, na wakufunzi wao wako mbali kiasi kwamba huenda wasionane nao ana kwa ana maisha yao yote.

Mmoja wao nilimfundisha sekondari. Mchana hukata tiketi za mabasi pale stendi ya Nyabugogo, usiku anasoma. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu bado hajafanya mtihani na hataki majirani waanze kumuuliza matokeo. Aliponijia miezi kadhaa iliyopita hakuwa na swali la somo. Alitaka nikazungumze na baba yake, fundi wa injini, ambaye ndiye aliyetakiwa kutoa ada. Ada yenyewe ni mamia ya dola, fedha ambazo kwa fundi ni injini nyingi sana za kufungua na kufunga.

Mzee alinikaribisha vizuri, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akaingia moja kwa moja kwenye hoja.

"Mwalimu, hicho chuo kiko wapi?"

"Mzee wangu, kiko kwenye mtandao."

"Na mlango wake uko wapi, siku nikitaka kwenda kudai fedha zangu?"

Swali hilo halikutoka hewani. Mtaa ule ule kuna kijana aliyesomea "uwakala wa kimataifa" kwa njia ya intaneti katika chuo ambacho sitakitaja. Baba yake aliuza mtamba huko kijijini ili alipe ada. Baada ya wiki tatu tu kijana alitumiwa cheti chenye nembo ya dhahabu, akakichapisha kwa rangi na kukitia kwenye fremu. Alipokwenda kuomba kazi mjini, aliulizwa swali moja: anaweza kumwekea abiria nafasi kwenye mfumo wa Amadeus? Alikuwa hajawahi hata kulisikia jina hilo. Cheti bado kipo ukutani. Mtamba haupo.

Kwa hiyo jambo la kwanza linalopaswa kusemwa kuhusu masomo haya si kama intaneti inafaa kusomea au haifai. Sisi tuliosomea ugenini, upande wa Tanzania, kusoma bila kumwona mwalimu hakutushangazi. Nchi ile ilianza kutoa elimu ya watu wazima kwa njia ya posta mapema katika miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Mwalimu wangu mmoja kule Karagwe alikuwa akipokea bahasha za kahawia kutoka Rapid Results College ya London. Anajibu maswali kwa taa ya chemli, anatuma, kisha anasubiri wiki nyingi kujua kama amepata au amekosa. Hakuna aliyemdharau. Tulijua kuwa mwisho wa bahasha zile upo mtihani halisi, katika chumba halisi, chini ya msimamizi mkali.

Hapo ndipo pa kuulizia: ni nani anayesimamia mtihani, na ni mwajiri gani anayeutambua?

Katika biashara ya tiketi za ndege jina linalotambuliwa karibu kila mahali ni IATA, yaani Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililoundwa Havana, Cuba, mwaka 1945. Shirika hilo linatoa kozi yake ya msingi ya usafiri na utalii. Zamani vitabu vilikuja kwa posta na mtihani ulikuwa na siku zake maalumu kwenye vituo maalumu. Siku hizi mtu anaweza kusoma kwenye kompyuta na hata kufanya mtihani akiwa nyumbani, huku msimamizi akimtazama kwa mbali kupitia kamera. Kabla ya mwaka 2009, wakati nyaya za chini ya bahari zilipoanza kufika pwani ya Afrika Mashariki na intaneti yetu bado ikipita kwenye setelaiti kwa bei ya kuumiza, jambo hilo lisingewezekana Gatsata wala Kimihurura.

Binti yule amenionyesha anachosoma, na nakiri kuwa kilinivutia kuliko nilivyotarajia. Sehemu kubwa ni jiografia. Kwa wenye ndege dunia imegawanywa sehemu tatu: bara la Amerika ni ya kwanza, Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ni ya pili, Asia na Pasifiki ni ya tatu. Kila uwanja una herufi zake tatu ambazo ni lazima zikae kichwani. Kigali ni KGL, Nairobi NBO, Dar es Salaam DAR, Zanzibar ZNZ, Addis Ababa ADD. Hizo ni rahisi. Lakini anayekwenda Kampala hushukia EBB, kwa sababu uwanja uko Entebbe, na anayekwenda Kilimanjaro huandikiwa JRO.

Kisha huja mifumo ya kuweka nafasi. Wa kwanza mkubwa, Sabre, ulitokana na ushirikiano wa American Airlines na kampuni ya IBM miaka ya 1960. Amadeus ulianzishwa mwaka 1987 na mashirika manne ya Ulaya. Ndani yake hakuna picha za ufukwe wala vitufe vya rangi; kuna amri fupi fupi. Unaandika AN, tarehe, KGL, NBO, na ndege zenye nafasi zinajipanga mbele yako. Ili kumbukumbu ya abiria ihifadhiwe ni lazima kuwe na jina, safari, namba ya simu, maelekezo ya tiketi na jina la aliyeomba. Kikikosekana kimoja, mfumo unakataa. Fundi angesema gari haliwaki bila plagi.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kitabu kinayapitia haraka, nayo ndiyo yanayomliza abiria wa hapa kwetu.

Chukua suala la majina. Kozi inafundisha kuandika jina la ukoo, halafu jina la mtu. Mnyarwanda ana jina la ukoo lipi? Kwa desturi yetu kila mtoto hupewa jina lake la Kinyarwanda, na ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi moja. Wakala asiyejua hili humwandika mke kwa jina la mume, au mtoto kwa jina la baba, akidhani anasahihisha kosa. Tiketi haihamishwi kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, na jina lisilolingana na pasipoti linaweza kumrudisha abiria kutoka mezani pale Kanombe, mizigo ikiwa tayari imefungwa kwa kamba.

Au chukua saa. Kigali iko nyuma ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa saa moja, na tiketi huandikwa kwa saa ya mahali ndege ilipo. Juu ya hapo, sisi wasema Kiswahili tuna saa zetu: 14:00 ni saa nane mchana, na 02:00 ni saa nane usiku. Kibaya zaidi ni ndege ya saa sita na nusu usiku. Tiketi imeandikwa Jumanne, 00:30. Abiria analala vizuri Jumatatu, anashinda dukani Jumanne, na jioni anaaga jamaa. Ndege yake iliondoka alfajiri ile ile akiwa kitandani. Wakala mwenye busara humwambia: "Jumatatu jioni, ukishakula, njoo uwanjani." Sentensi hiyo haimo kwenye kozi yoyote.

Jambo la pili ambalo mzee alitaka kulijua ni kama binti yake akifaulu ataweza kufungua ofisi. Jibu ni kwamba cheti ni cha mtu, ofisi ni kitu kingine. Hapa Rwanda kampuni ya uwakala wa safari inahitaji leseni ya utalii kutoka Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Na ili kampuni itoe tiketi za mashirika ya ndege kwa jina lake chini ya IATA, sharti ikubaliwe na shirika hilo, ionyeshe hesabu zake na mara nyingi iweke dhamana ya fedha, kwa sababu wakala hukusanya fedha za watu na kuziwasilisha baadaye. Wanaoanza hawana dhamana hiyo. Wao humpata abiria, humtengenezea safari, kisha hukatiwa tiketi na wakala mkubwa na kubaki na kiasi kidogo. Sioni aibu katika hilo. Hata fundi huanza kwa kushika spana za mwingine. Aibu ni ya wale wanaouza kozi kwa kumwambia mtoto wa watu kwamba akilipa leo, mwezi ujao atakuwa na ofisi yake na safari za bure.

Mapato nayo yamebadilika. Zamani wakala aliishi kwa kamisheni ya shirika la ndege. Mwaka 1995 Delta ya Marekani iliweka kikomo kwa kamisheni hiyo, wengine wakafuata, na mwaka 2002 ikaifuta kabisa ile ya msingi kwa mawakala wa Marekani. Sehemu nyingi leo wakala hula kutokana na ada ya huduma anayomtoza abiria mwenyewe. Tena abiria mwenye kadi ya benki na intaneti anaweza kujikatia tiketi akiwa kitandani. Thomas Cook, kampuni ya Uingereza iliyotokana na safari ya treni ya mwaka 1841, ilianguka Septemba 2019 na kuwaacha wasafiri wake wamekwama ugenini. Miezi sita baadaye ikaja korona. Machi 2020 Rwanda ilisimamisha ndege za abiria, na hazikurejea mpaka Agosti mosi. Mtu anayesomea kazi hii bila kuambiwa habari hizo anadanganywa.

Sasa, kwa nini basi nilimshauri mzee alipe?

Kwa sababu ya Gatsata yenyewe. Vijana wengi wanaoanza masomo haya wana picha moja kichwani: Mzungu anayekuja kuona sokwe wa milima. Ni kweli mgeni huyo ana fedha, kwani kibali kimoja cha sokwe kilipandishwa mwaka 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500. Lakini mgeni huyo ana kampuni kubwa zinazomsubiri tangu anatoka kwao. Mfanyabiashara wa vipuri anayekwenda Dubai au Guangzhou hana anayemsubiri. Analipa kwa fedha taslimu au kwa simu. Hana kadi, na kama anayo haiamini. Anataka mtu anayemfahamu, aliye hatua chache kutoka dukani kwake, atakayemwambia ni kilo ngapi za mzigo anaruhusiwa, viza inachukua siku ngapi, na afanye nini shehena yake ikichelewa na yeye akalazimika kusogeza siku ya kurudi. Yuko pia mama anayempeleka mgonjwa katika hospitali ya India, ambaye hajawahi kubadilisha ndege na anaogopa kupotea kwenye uwanja mkubwa kuliko anavyoogopa upasuaji. Anahitaji kujua mapema kama atadaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kama kiti cha magurudumu kimeombwa. Mambo hayo yote huombwa ndani ya mfumo, kwa amri fupi zile zile ambazo binti anajifunza usiku.

Na yeye anawafahamu watu hao. Kukata tiketi Nyabugogo kumemfundisha kusoma uso wa msafiri mwenye wasiwasi kuliko kozi yoyote itakavyoweza.

Mzee alilipa nusu kwanza. Nusu nyingine aliitoa baada ya sisi watatu kuhakikisha, kwa barua pepe na kwa simu, kwamba usajili wa binti unaonekana kwa mwenye mtihani mwenyewe na si kwa dalali tu.

Kikwazo kilichobaki ni lugha. Kozi inapatikana kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine chache kubwa. Kiswahili hakimo, ingawa hapa Rwanda ni lugha rasmi tangu mwaka 2017 na ndiyo lugha ya nusu ya maswali yanayoulizwa dirishani Nyabugogo. Kwa hiyo amenunua daftari. Upande wa kushoto anaandika neno kama kitabu kinavyolitaja, upande wa kulia anaandika jinsi atakavyomweleza mteja. Kwa tiketi isiyorudishiwa fedha ameandika: "Ukighairi, fedha imekwenda." Kwa muda wa kungoja kati ya ndege mbili ameandika: "Utashuka, usitoke nje, utafuata maandishi ya ndege zinazoendelea." Mimi hupitia sarufi tu. Wenzake wawili wa kozi hiyo hiyo, mmoja wa Karuruma na mwingine wa Kimisagara, tayari wameliomba walinakili.