Kwa nini feni inayovuma kwa nguvu huweza kushindwa kukausha dagaa

Huko Mununga, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, dagaa waitwao chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani kunapokucha. Mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi Novemba, jua hukosekana. Samaki huoza kabla ya kukauka, na gharama za usiku mzima hupotea pamoja nao.

Kikaushio chenye feni kinaweza kusaidia. Hata hivyo, kiwango cha hewa kinachoandikwa kwenye feni nyingi ni kile kinachopatikana pasipo kizuizi. Trei zilizosheheni dagaa wabichi zikiwekwa mbele yake, hewa hupungua, na kiganja cha mkono hakiwezi kusema ni kwa kiasi gani. Fundi makini hujenga kwanza meza ya majaribio.

Hewa iliyokwisha kupita kwenye trei huelekezwa ndani ya sanduku lililozibwa vyema, lenye tundu moja la mviringo la kutokea. Kwa kuwa hewa hubanwa hapo, mgandamizo wa ndani huzidi kidogo ule wa nje. Tofauti hiyo ndiyo inayopimwa. Kipimo chake ni mrija mwangavu uliokunjwa kwa umbo la U na kutiwa maji yenye rangi: ncha moja huingia sandukuni, nyingine huachwa wazi.

Milimita 1 ya tofauti kati ya vimo vya maji ni sawa na pasikali 9.8. Mgandamizo wa hewa yenyewe kando ya ziwa hilo ni takriban pasikali 91,000. Kupima kila upande peke yake kisha kutoa ni sawa na kumpima kifaranga akiwa ndani ya lori kwenye mizani ya barabarani. Mrija hulinganisha pande zote mbili kwa mara moja. Ukilazwa kwa mteremko wa 1 kwa 10, maji husogea karibu mara kumi zaidi, na kusoma huwa rahisi.

Kosa la kawaida limo katika hesabu. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya mgandamizo. Kwa tundu lenye kipenyo cha milimita 100 na kingo kali, milimita 10 za maji huashiria takriban lita 64 za hewa kwa sekunde. Ili kufikia lita 128 zinahitajika milimita 40, wala si 20.

Ziwa Mweru liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Anayetumia uzito wa hewa ya pwani katika hesabu atapata jibu pungufu kwa takriban asilimia 5. Hilo linavumilika. Ufa katika sanduku hauvumiliki, kwani hewa inayopenya hapo haihesabiwi kamwe. Ncha ya mrija nayo ikae sambamba na ukuta wa ndani, mbali na mkondo wa feni. Ikichomoza, upepo wenyewe huyasukuma maji na kipimo hudanganya.