Je, Wajua? Friji huumia umeme unaporudi

Je, wajua kwamba umeme ukikatika Kasulu, friji yako mara nyingi huumia pale umeme unaporudi? Tangu enzi za majenereta ya dizeli, kabla gridi ya taifa haijafika, wenyeji wanaujua mchezo wa taa kuwaka, kuzima, kuwaka tena. Kompresa ikianza papo hapo, gesi bado imebana upande mmoja: mota inakwama, inanguruma, inavuta umeme mwingi, na inaweza kuungua. Ndiyo maana friji gadi, kifaa cha kuilinda friji, husubiri dakika kadhaa kabla ya kupitisha volti 230. Usidhani imekufa, inangoja.

Radi ni habari nyingine. Swichi ya ukutani hutenganisha nyaya kwa milimita chache tu, na radi huziruka. Mawingu yakikusanyika, chomoa plagi, na waya wa dishi pia.