Michezo ya utoto wetu: tusiikumbuke tu, tuwarithishe watoto

Wakikutana watu wazima waliokua pamoja, hawachelewi kufika kwenye michezo ya utotoni. Mmoja atataja gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu. Mwingine atataja mpira wa matambara, na wa tatu mwanasesere wa gunzi la mahindi. Watacheka sana, kisha mmoja atasema: "Watoto wa siku hizi hawajui kucheza."

Je, ni kweli? Katika ukurasa huu wa afya tunapenda kutazama faida tulizozipata katika michezo ile, na namna watoto wetu wanavyoweza kuzipata leo.

Faida kwa mwili

Chukueni mfano wa rede. Wawili husimama huku na huku wakirusha mpira, na aliye katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Hapo moyo, mapafu, miguu na macho vyote hufanya kazi kwa pamoja. Kombolela na kuruka kamba navyo ni hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hasa. Jioni moja ya kombolela, kabla ya kuitwa kuoga, iliweza kutimiza kipimo hicho bila gharama yoyote. Mazoezi hayo huimarisha mifupa na misuli, na husaidia kuzuia unene wa kupita kiasi, ambao baadaye huchangia kisukari na shinikizo la damu. Isitoshe, watoto wanaocheza nje mchana hawapatwi sana na tatizo la kutoona mbali kama wale wanaoshinda ndani.

Faida kwa akili na moyo

Katika mdako mtoto hurusha kijiwe juu, huchota vingine shimoni, kisha hukidaka kile kabla hakijaanguka. Hujifunza kuhesabu, kulenga na kutuliza mkono. Aliyekunja waya kutengeneza usukani alijifunza kupima na kurekebisha. Katika kujipikilisha, watoto waligawana kazi, wakagombana, wakapatana. Aidha, mtoto alizoea kushindwa leo na kurudi uwanjani kesho. Mambo haya hayafundishwi kwa maneno matupu.

Si yote yalikuwa salama

Hata hivyo, tusiisifu jana kupita kiasi. Wengi walioogelea kwenye madimbwi na mito walipata kichocho, na wengine walikojoa damu bila kupelekwa kwenye matibabu. Manati yaliharibu macho. Wapo waliookota mabomba ya sindano jalalani na kuyafanya vitu vya kuchezea. Wasichana nao mara nyingi waliitwa jikoni wakati kaka zao wakiendelea kucheza.

Vitu vya kuchezea vya dukani navyo vina hatari zake. Vingi hutumia betri ndogo za mviringo kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza vibaya njia ya chakula katika muda wa saa 2 tu. Msimtapishe. Mkimbizeni hospitali mara moja, hata kama haoneshi dalili yoyote.

Kilichopungua ni nini?

Watoto hawajabadilika. Mpeni mtoto wa leo boksi tupu, mara atalifanya gari. Kilichopungua ni vitu vitatu: nafasi, muda na wenzake. Viwanja vimejengwa nyumba na barabara zimejaa pikipiki. Baada ya shule kuna masomo ya ziada hadi giza linaingia. Mageti yamefungwa, na anayebaki kumtuliza mtoto ni simu. WHO ilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe kabisa mbele ya televisheni au simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Kucheza ni haki ya mtoto, nayo imetajwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Tufanye nini?

1. Tutenge saa moja ya kucheza kila siku, wasichana kwa wavulana. Kazi za nyumbani zigawanywe ili wote waipate.

2. Majirani wapatane kuhusu uwanja mmoja salama, mbali na barabara, na mtu mzima mmoja kwa zamu awaangalie watoto. Uwanja wa parokia unaweza kufaa.

3. Tukague uwanja: tuondoe chupa zilizovunjika, misumari na sindano, na tufukie mashimo. Mtoto mwenye damu kwenye mkojo apelekwe kituo cha afya, kwani dawa ya kichocho ipo.

4. Mtoto mwenye ulemavu asiachwe barazani akitazama wenzake. Bao na mdako huchezwa kwa kukaa, na sheria za mchezo zinaweza kulegezwa.

5. Tuwaombe babu na bibi wafundishe michezo yao. Wazee wengi husahau mambo ya jana lakini hukumbuka vizuri ya utotoni. Mjukuu anayeuliza, "Bibi, mlichezaje?" humpunguzia bibi upweke, naye huondoka na mchezo mpya.

Wazazi wapendwa, waya na matambara bado vipo, na vijiwe vya mdako haviuzwi. Jioni ya leo tuzime televisheni, tutoke nje pamoja na watoto, tuwaoneshe mchezo mmoja tu tunaoukumbuka. Kesho watauendeleza wenyewe.