"Steal" na "Rob"

Maneno ya Kiingereza "steal" na "rob" yote mawili yahusu kutwaa mali ya mtu bila haki, lakini hayawi sawa kwa sarufi wala kwa maana.

Kwa sarufi, kinachofuata "steal" ni kitu kilichotwaliwa. Kinachofuata "rob" ni mtu au mahali palipotwaliwa kitu hicho. Kiswahili hupambanua hayo kwa mnyambuliko wa kitendo: mwizi huiba fedha, na humwibia mwenye fedha. Hapo ndipo penye mtego. Afasiriye "kumwibia mtu" huelekea kushika "rob", kwa kuwa ndilo limtajalo mtu bila ya kiungo.

Kwa maana, kosa la "robbery" halithibiti ila kwa nguvu au vitisho. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 yataka nguvu itumike, au mtu atiwe hofu ya kutendewa nguvu papo hapo, wakati wa kuiba au muda mfupi kabla yake, na kwa ajili ya kuiba. Huko adhabu ya wizi mtupu haizidi kifungo cha miaka 7. Ya unyang'anyi yaweza kufika kifungo cha maisha.

Basi shahidi asemapo, "Aliniibia saa," mkalimani asitumie "rob", maana huenda saa ilitwaliwa mezani na mwenyewe amelala. Atumie "steal", na mwenye saa atajwe baada ya "from". "Rob" liachiwe "kunyang'anya".